Mbwa akigeuka manjano, usingoje kesho

Mvua za masika zilikuwa zimeshika pale jirani yangu hapa Mtwapa aliponiita asubuhi nimwangalie mbwa wake. Simba, dume mkubwa aliyelinda boma lile kwa miaka sita, alikuwa hali chakula tangu juzi. Alikuwa amelala chini ya mwembe, na hata nilipoingia langoni hakubweka. Jirani alidhani amekula kitu kibaya. Usiku alikuwa amempa nusu kidonge cha dawa ya maumivu ya binadamu na bakuli la maziwa.

Tulipomfunua mdomo tulishtuka. Fizi zake, ambazo siku zote ni za waridi, zilikuwa za rangi ile ile ya manjano tunayotia mchuzini. Weupe wa macho vilevile. Mkojo wake uliokauka sakafuni ulikuwa umeacha alama ya kahawia, kama chai ya rangi.

Daktari wa mifugo alifika mchana. Alitoa damu kidogo, akaipima na kukuta seli nyekundu zimebaki asilimia 11. Mbwa mzima huwa na kati ya asilimia 37 na 55. Simba hakuiona asubuhi.

Lakini bomani mlikuwa na mbwa wa pili, jike, ambaye alikuwa akila na kutembea kama kawaida. Daktari alimtoboa ncha ya sikio, akaondoka na tone la damu kwenye kioo, akalitazama kwa hadubini na kukuta vijidudu vile vile vilivyomuua mwenzake. Alitibiwa siku hiyo hiyo. Hadi leo ndiye anayetubwekea tukichelewa kurudi usiku.

Ugonjwa ulikuwa mmoja na boma lilikuwa moja. Tofauti ilikuwa siku tatu tu. Ndiyo maana nimeona tuzungumze juu ya rangi hii ya manjano: inatoka wapi, daktari hutafuta nini anapoiona, na sisi wenye mbwa tufanye nini kabla hajafika.

Manjano si ugonjwa, ni dalili

Kwanza tuondoe mkanganyiko wa majina. Watu wengi husema mbwa ana "homa ya manjano". Homa ya manjano ni ugonjwa mwingine kabisa, wa virusi vinavyoenezwa na mbu, unaowapata binadamu na nyani. Hali tunayoizungumzia hapa ni umanjano, yaani mwili kugeuka rangi. Huo peke yake si ugonjwa. Ni kama moshi unaouona juu ya paa: unakwambia kuna moto, ila haukwambii umeanzia jikoni au chumbani.

Rangi yenyewe inatoka kwenye damu. Seli nyekundu za damu ya mbwa huishi takribani miezi mitatu unusu hadi minne, kisha huvunjwa. Zinapovunjwa, hubaki taka ya rangi ya manjano iitwayo bilirubini. Damu huibeba taka hiyo hadi kwenye ini. Ini huigeuza na kuitia ndani ya nyongo, nyongo hupita kwenye mrija wake hadi utumboni, na mwisho wake hutoka na choo. Rangi ya kahawia tunayoiona kwenye kinyesi inatokana na safari hiyo.

Mbwa hugeuka manjano safari hiyo inapoharibika mahali pamoja kati ya matatu.

Mahali pa kwanza ni kabla ya ini. Seli za damu zinavunjwa kwa wingi na kwa haraka kiasi kwamba ini, hata likiwa zima, linazidiwa.

Mahali pa pili ni ini lenyewe. Limeumizwa na sumu au maambukizi, na haliwezi tena kufanya kazi yake.

Mahali pa tatu ni baada ya ini. Mrija wa nyongo umeziba au mfuko wa nyongo umepasuka, kwa hiyo nyongo haina pa kupita na inarudi kwenye damu.

Kila swali daktari atakalokuuliza, na kila kipimo atakachofanya, ni kutafuta ni mahali gani kati ya hayo matatu.

Kupe, adui wa kwanza

Hapa Pwani, anayestahili kushukiwa kwanza ni kupe. Kupe akimnyonya mbwa anaweza kumwingizia vijidudu vya babesia, ambavyo huingia ndani ya seli nyekundu, huzaana humo na kuzipasua. Anayeijua malaria atauelewa ugonjwa huu upesi. Vijidudu vyake si vya malaria na kupe si mbu, lakini uharibifu unafanana: homa kali, damu kupungua, udhaifu, na mkojo mwekundu au wa kahawia kwa sababu ya damu iliyopasuka. Joto la mbwa mzima ni kati ya nyuzi 38 na 39.2. Mwenye babesia huweza kufika 40 na zaidi.

Kupe wa kahawia wa mbwa amezoea kuishi na sisi. Hahitaji pori. Hujificha kwenye nyufa za ukuta, chini ya magunia, katika makuti ya banda na kwenye kona za chumba cha mlinzi, na jike mmoja hutaga mayai kwa maelfu. Kwa hiyo kumwogesha mbwa dawa na kuliacha banda lake bila kulishughulikia ni kufagia huku upepo unavuma.

Kuna sababu nyingine zinazovunja damu. Moja ni kinga ya mwili wa mbwa kugeuka na kushambulia seli zake zenyewe, hali inayoweza kutokea yenyewe au baada ya ugonjwa mwingine. Nyingine iko jikoni kwetu: vitunguu. Vitunguu maji na vitunguu saumu, vibichi au vilivyopikwa, huharibu seli nyekundu za mbwa. Makombo ya pilau ya harusi yaliyojaa vitunguu ni hatari kwake, hasa akiwa mdogo au akipewa siku kadhaa mfululizo.

Kwa wenzetu wa Kwale, hasa walio karibu na misitu ya Shimba Hills ambako mbung'o wapo, daktari hutazama pia vijidudu vya nagana kwenye damu. Mbwa mwenye ugonjwa huo hukonda, huishiwa damu, na mara nyingi macho yake huingia ukungu.

Panya, maji ya mvua na ini

Adui wa pili hatumwoni kwa urahisi. Ni bakteria wa leptospira. Panya huwabeba kwenye figo bila kuugua na kuwatoa kwa mkojo. Mvua ikinyesha, mkojo huo huchanganyika na madimbwi, mitaro na matope. Mbwa akinywa maji hayo, au akipita humo akiwa na kidonda, bakteria huingia mwilini na kushambulia ini na figo. Hugeuka manjano, hutapika, misuli humuuma hata kusimama kwake kuwa taabu, na anaweza kuacha kukojoa. Tunaokumbuka mafuriko ya mwishoni mwa mwaka 2023, yalipoingia majumbani kuanzia Mombasa hadi Tana River, tunajua ni kiasi gani cha maji ya mitaro huweza kuzunguka kwenye makazi ya watu.

Ugonjwa huu ndio unaofanya umanjano wa mbwa kuwa jambo la nyumba nzima, kwa sababu unamwingia na binadamu. Nitaurudia hapo mbele.

Adui wa tatu yumo katika sufuria ya chakula cha mbwa. Wengi wetu tunawapikia ugali wa unga ambao wenyewe hatuwezi kuula: mahindi yaliyonyeshewa, yaliyoota kuvu, yaliyokaa ghalani hadi yakavunda. Kuvu hao hutoa sumu ya aflatoksini, nayo huua ini. Wakenya tunaifahamu kwa machungu. Mwaka 2004 mahindi yenye sumu hiyo yaliwaua watu 125 katika maeneo ya Makueni, Kitui na jirani zake. Ini la mbwa halina ugumu kuliko letu. Tena kupika hakusaidii, kwa maana moto wa jikoni hauivunji sumu hii. Mahindi yasiyomfaa mtu hayamfai mbwa pia.

Katika bustani nako kuna mtapo, ule mmea unaofanana na mnazi mfupi wenye majani magumu, ambao hupandwa sana kwenye hoteli na majumba ya ufukweni. Sehemu zake zote ni sumu kwa mbwa na mbegu ndizo kali zaidi. Mbwa, hasa mtoto anayetafuna kila kitu, anaweza kuharibika ini kwa mbegu moja au mbili.

Watoto wa mbwa wasiochanjwa wana hatari nyingine, homa ya ini inayoletwa na virusi vya adeno. Hii ina chanjo nzuri, na ndiyo sababu mbwa aliyekamilisha chanjo zake haugui mara nyingi.

Mahali pa tatu, kuziba kwa mrija wa nyongo, hutokea zaidi kwa mbwa wenye umri mkubwa. Huweza kutokana na uvimbe, mawe, nyongo iliyoganda kama ute mzito, au kongosho lililovimba na kuubana mrija. Hapo choo kinaweza kupauka na kuwa cha rangi ya kijivu kama udongo wa mfinyanzi, kwa sababu nyongo haifiki tena utumboni.

Jinsi ya kumtazama mbwa wako

Katika nyumba nyingi za Pwani mbwa hukaa nje na watu hawamshiki. Hilo ni jambo la desturi na imani na kila mtu ana njia yake. Ila lina gharama moja: mbwa asiyetazamwa karibu hugunduliwa ameugua siku anaposhindwa kusimama. Basi awepo mtu mmoja, mlinzi au kijana wa nyumbani, mwenye kazi ya kumtazama mara moja kwa wiki. Dakika mbili zinatosha.

Mtazame mchana, kwenye mwanga wa jua. Taa za ndani zinaweza kukudanganya kuhusu rangi. Inua mdomo wa juu uone fizi. Mbwa wengi wa kwetu wana fizi nyeusi, na kwao utatazama weupe wa jicho, ndani ya sikio na ngozi ya tumbo pasipo na manyoya. Fizi nzima ni za waridi na zina unyevu. Zikiwa nyeupe, damu imepungua. Zikiwa manjano, bilirubini imejaa mwilini. Fizi nyeupe zenye umanjano ndani yake huonyesha mara nyingi kwamba damu inavunjwa.

Jambo moja ni la kushika sana. Umanjano hauonekani kwa macho mpaka bilirubini iwe imepanda mara kadhaa kupita kiwango cha kawaida. Ukiuona, ujue tatizo halikuanza leo. Huna siku ya kusubiri.

Daktari atafanya nini

Atakuuliza kwanza: ana kupe? Amechanjwa lini? Anakula nini? Kuna panya bomani? Umempa dawa gani? Swali hilo la mwisho lijibu kwa ukweli hata kama unaona haya, kwa kuwa jibu lako linaweza kubadilisha matibabu.

Kisha atachukua damu. Kipimo cha kwanza ni rahisi na hakihitaji maabara kubwa. Damu hutiwa kwenye kijirija chembamba cha kioo na kuzungushwa kwa mashine hadi seli zishuke chini. Hapo huonekana mambo mawili: seli nyekundu zimebaki kiasi gani, na maji ya juu yana rangi gani. Seli zikiwa chache sana na maji yakiwa manjano au mekundu, mkosaji yuko kwenye damu. Seli zikiwa za kutosha na maji yakiwa manjano, macho hugeukia ini na mrija wa nyongo.

Cha pili ni tone la damu kwenye kioo chini ya hadubini, kutafuta babesia na vijidudu vingine. Tone la ncha ya sikio linafaa sana kwa kazi hii. Vijidudu vikiwa vichache vinaweza kupita bila kuonekana, kwa hiyo daktari anaweza kurudia au kutuma damu kwenye maabara yenye vipimo vya kina zaidi.

Vinafuata vipimo vya ini na figo, kipimo cha mkojo, na ikihitajika picha ya tumbo kwa mawimbi ya sauti kuona ini, mfuko wa nyongo na kongosho. Picha hiyo haipatikani kila mahali, lakini vipimo viwili vya kwanza vinaweza kufanywa na daktari mwenye hadubini na mashine ndogo, na hutoa mwelekeo siku hiyo hiyo.

Matibabu hufuata chanzo

Hakuna dawa ya umanjano. Kuna dawa ya kilichouleta. Ukisikia mtu anauza "sindano ya manjano", mwogope.

Mwenye babesia huchomwa dawa ya kuua vijidudu hivyo, na damu ikiwa imeisha mno huongezewa damu ya mbwa mwingine. Mwenye leptospira hupewa antibiotiki na maji ya dripu kuokoa figo. Ambaye kinga yake inashambulia damu hupewa dawa za kuituliza kinga kwa wiki nyingi, wakati mwingine miezi. Aliyekula sumu husaidiwa kwa dripu, dawa za kulinda ini na chakula laini, na hapo muda ndio huamua. Aliyezibwa mrija anaweza kuhitaji upasuaji. Ini ni kiungo chenye uwezo mkubwa wa kujijenga upya, kwa hiyo mbwa anayewahiwa ana nafasi. Anayecheleweshwa hana nafasi hiyo.

Sasa niseme waziwazi lile linaloua mbwa wengi kabla daktari hajaitwa. Dawa ya babesia ni jamaa wa zile tunazowachoma ng'ombe, na hupatikana kwenye maduka ya agroveti. Mwenye mbwa huenda, akaelezwa kwa mdomo, akarudi na chupa na sindano. Lakini kwa mbwa, umbali kati ya kipimo kinachotibu na kinachodhuru ni mfupi. Ukikisia uzito wake, au ukirudia sindano kwa sababu hujaona nafuu, unaweza kumharibu ubongo, akaanza kuyumba, kutetemeka na kufa. Hata hivyo dawa hiyo haina faida yoyote ikiwa tatizo ni panya au mahindi. Daktari na wasaidizi wake husajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya. Una haki ya kumwuliza anayekuja kwako kama amesajiliwa.

Dawa za maumivu za binadamu usimpe kabisa. Zile za kawaida nyumbani zinaweza kumwumiza ini, figo na tumbo, viungo vile vile ambavyo tayari viko taabuni. Mafuta machafu ya gari tunayopaka mbwa kuua kupe nayo ni sumu. Huingia kupitia ngozi, na mengine huyalamba.

Kumlinda yeye na nyumba yako

Mbwa mwenye umanjano mchukulie kama ana leptospira mpaka daktari aseme vinginevyo. Mfunge mahali pamoja, mbali na watoto na mbali na kisima au tangi la maji. Usiguse mkojo wake kwa mikono mitupu. Vaa glavu na viatu vilivyofunika mguu, osha sakafu kwa maji yenye dawa ya klorini, kisha nawa kwa sabuni. Mtu yeyote nyumbani akipata homa, maumivu makali ya misuli hasa ya ndama za miguu, au macho kuwa mekundu, aende hospitali na amwambie daktari kwamba nyumbani kuna mbwa aliyeugua. Bila neno hilo, ni rahisi homa yake kuchukuliwa kuwa malaria.

Kinga yenyewe si ngumu. Mbwa mdogo aanze chanjo akiwa na wiki 6 hadi 8, arudiwe kila baada ya wiki 3 au 4 hadi afike wiki 16, kisha kila mwaka, kwani ile ya leptospira haidumu zaidi ya hapo. Mkague kupe kila siku. Mara nyingi kupe huhitaji siku mbili hivi za kunyonya kabla ya kuambukiza babesia, kwa hiyo anayetolewa leo hajamaliza kazi yake. Mshike kwa kibano karibu na ngozi umvute taratibu. Usitumie moto wala mafuta ya taa. Ogesha mbwa kwa dawa iliyopimwa kama maelezo yanavyosema, na nyunyizia banda na nyufa zake siku hiyo hiyo. Funika chakula, ondoa takataka zinazovuta panya, na mpe mbwa maji safi ya kunywa ili asitafute dimbwi.

Jirani yangu aliniambia baadaye kwamba kilichomuuma zaidi ni kuwa kupe wale alikuwa akiwaona kila siku. Aliwazoea. Sasa kila Ijumaa jioni humwona mwanawe amechuchumaa chini ya mwembe ule ule, amemshika mbwa jike kidevu, akimfunua mdomo kuangalia rangi ya fizi.